Kumkata Kichwa, Kumfukua, Kuyakusanya

Katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same, palikuwa na desturi ambayo mtu wa pwani angeisikia kwa mbali angetatizwa kuipa jina. Mzee mwenye wana na wajukuu alipofariki alizikwa kama wazikwavyo watu wengine. Ukiisha kupita muda wa kutosha ardhi kumaliza kazi yake, jamaa zake walirudi kaburini, wakafukua, wakalitwaa fuvu la kichwa, wakalipeleka mahali pa ukoo: pangoni, chini ya mwamba, au katika kichaka kisichoguswa kwa shoka. Huko liliwekwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia, mengine yakihifadhiwa chunguni. Tangu siku hiyo marehemu alikuwa na makao. Mvua ikikawia, mtoto akiugua, watu wakitaka kuomba radhi au kushukuru, walijua waende wapi, na walijua wanazungumza na nani.

Kichwa kimetengana na kiwiliwili, wala hakuna aliyekatwa kichwa. Hapo ndipo penye suala la lugha, na suala hilo si mchezo wa wapenda kamusi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vichwa vingi vya watu wa Afrika ya Mashariki vilivuka bahari kwenda Ulaya. Vingine vilikatwa, vingine vilifukuliwa, na vyote vikaishia katika rafu zile zile, chini ya jina lile lile. Anayetaka leo kujua nani alitendwa nini hana budi aanze na vitenzi.

Kiswahili hakina neno moja, mahususi, la kumtenga mtu na kichwa chake. Kina maelezo: kumkata kichwa, kumkata shingo, kumtema shingo. Kukata ni kitenzi cha kale cha Kibantu, tena chenye kazi nyingi mno. Mtu hukata kuni, hukata tiketi, hukata shauri, hukata tamaa, na siku yake ikifika hukata roho. Katika misemo hii yote pana jambo moja: kulikuwa na kitu kikiendelea, kikasimamishwa. Kutema ni kwa wembamba zaidi. Ni pigo moja la chombo chenye makali, kama la mtema kuni. Hivyo anayesema fulani alitemwa shingo amekwisha kumwonyesha msikilizaji mkono ulioinuliwa juu ukashuka.

Kuchinja, ambalo wengi hulikimbilia, ni neno jingine kabisa. Mchinjaji anayejua kazi yake hukata koo na mishipa ya shingo kwa kisu kikali, akamwacha mnyama atokwe na damu. Kukitenganisha kichwa kabla roho haijatoka ni jambo linalochukiza katika sheria ya kuchinja. Kwa hiyo kuchinja, kwa maana yake ya asili, ni tendo lenye adabu na mipaka, nalo halikusudii kichwa. Mtu anapotajwa kuwa amechinjwa, lugha haielezi namna ya jeraha bali inashtaki: huyu alifanywa mnyama. Ndiyo maana katika zama za wakoloni uvumi wa watu wanaonyonya damu za wenzao ulizaa majina mawili, mumiani na chinjachinja. La kwanza ni la kigeni, linatokana na Kiajemi. La pili ni la nyumbani, na makali yake yanatoka katika kurudiwa kwake. Mtu achinjaye na kuchinja tena, bila ya kibla wala bismillahi, amekwisha kutoka katika kundi la wachinjaji.

Katili nalo ni neno la kuangaliwa. Kwa Kiarabu asili yake ni kuua. Kwa Kiswahili limekuwa sifa ya moyo. Mwarabu amsemaye katili amesema mtu ameua. Mswahili amsemaye katili huenda hakuna hata damu iliyomwagika. Amesema tu kwamba mtu huyo hana huruma. Kiswahili kimelichukua neno la tendo la mkono kikalitia ndani ya kifua.

Ama kichwa chenyewe ni neno la ukoo mkubwa. Kule Lamu na Mombasa wazee husema kitwa. Waganda husema mutwe, Wanyarwanda umutwe, na Washambaa, wanaotazamana na Wapare juu ya bonde la mto Mkomazi, husema mutwi. Shina ni moja tangu enzi ambazo hazina tarehe. Kando yake pwani ilipokea shina jingine kutoka Arabuni, nalo lilikuja kwa mlango wa heshima. Rasi ni kichwa cha nchi kilichoingia baharini. Rais ni aliye kichwa cha watu. Na raslimali, likifumuliwa, ni kichwa cha mali, yaani ile fedha ya kwanza ambayo faida huota juu yake. Wapenzi wa tenzi wanalijua pia katika jina la Rasi l'Ghuli, kichwa cha zimwi. Kichwa cha Kibantu ni cha mwili. Kichwa cha Kiarabu ni cha cheo.

Fuvu lina habari yake. Neno hili ni ndugu wa fuu na kifuu, na kifuu, kama kila mpishi wa pwani ajuavyo, ni gamba gumu la nazi iliyokwisha kukunwa. Mtu wa pwani alipolitazama fupa la kichwa aliona chombo kilichokwisha kutolewa kilichomo. Bupuru, jina jingine la fuvu, nalo pia ni ganda tupu. Si Waswahili peke yao waliowaza hivyo. Wafaransa huita kichwa kwa neno lililotokana na chungu katika Kilatini, na Wajerumani kwa neno lililotokana na kikombe. Watu waliokaa mbali mbali wote wameona jambo moja: kichwa ni chombo, na chombo huwekwa kitu.

Wapare walikwenda hatua moja mbele. Hawakuishia kukifananisha kichwa na chungu; walikiweka chunguni.

Mtu atokaye Tanga kwa njia ya reli ya zamani, ambayo Wajerumani waliianza mwaka 1893 wakaifikisha Moshi katika miaka ya mwanzo ya 1910, huiacha minazi, akapita chini ya milima ya Usambara, kisha akaiona milima mingine upande wake wa kulia. Hiyo ndiyo Upare. Same iko bondeni, mahali pakavu pa upepo na miiba, kwa kuwa mvua za Bahari ya Hindi humalizikia upande wa pili wa milima. Juu ni nchi nyingine: Mbaga, Gonja, Suji, Chome, na kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Kwa upande wa kaskazini, katika wilaya ya Mwanga iliyokatwa kutoka Upare ya zamani mwaka 1979, ziko Usangi na Ugweno, ambako wahunzi wa ukoo wa Washana walisifika kwa chuma chao hata Uchagani. Watu hawa hawakukosa makali. Waliyafua wenyewe.

Hata jina la nchi husimuliwa kwa habari ya kupiga. Wenyeji hujiita Vaasu na lugha yao Chasu. Pare ni jina walilopewa. Wapo wazee wasemao kwamba lilizaliwa katika vita baina ya Wagweno na Wachaga, na kwamba lilikuwa ni sauti ya kuamrisha: mpige! Iwapo habari hiyo ni kweli ya kihistoria au ni kweli ya wasimulizi, inabaki kuwa watu hawa wanaitwa duniani kwa kitenzi cha adui zao, ilhali jina walilojipa wenyewe linatumika zaidi nyumbani.

Ugweno na Usangi misitu ya matambiko huitwa mpungi, na ile ya jando huitwa mshitu. Mpaka zama hizi mtu akitazama kutoka barabarani huona katikati ya migomba na mahindi kichaka kimesimama peke yake, miti yake mirefu kuliko yote ya jirani, na huambiwa kwamba pale hapakatwi mti. Neno la katazo ni lile lile: kukata. Mahali pa wazee, makali hayaingii. Desturi ya mafuvu inakwenda pamoja na katazo hilo. Kichwa kilichopelekwa huko hakikuguswa na upanga, kilingojewa. Ardhi ndiyo iliyotenganisha, na mikono ya jamaa ikapokea.

Kitenzi cha kazi hiyo ni kufukua, na ni kitenzi chenye fundisho. Kiswahili kina jozi za matendo yanayofanywa na kutanguliwa: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kufukia na kufukua. Anayefukia anajua, kwa sarufi ya lugha yake, kwamba kinaweza kufukuliwa. Kukata hakuna mwenziwe wa namna hiyo. Hakuna kiambishi kitakachokigeuza kimaanishe kuunga tena kilichokatwa. Kaburi la Mpare lilikuwa katika jozi ya kwanza: mlango uliofungwa ukingoja kufunguliwa.

Wamisionari wa Kijerumani waliofika milimani mwanzoni mwa karne ya 20 walijifunza lugha hii kwa bidii ambayo haina budi kusifiwa. Ernst Kotz wa Waadventista alichapisha sarufi ya Chasu mjini Berlin mwaka 1909. Jakob Dannholz wa Misioni ya Leipzig alikaa Mbaga akaandika mengi juu ya imani na desturi. Lakini tazama majina waliyoyapa vitabu vyao vikubwa. Cha Dannholz, cha mwaka 1916, kinasema habari ya watu walio katika kifungo cha imani ya mizimu. Cha Kotz, cha mwaka 1922, kinasema habari ya watu walio katika kifungo cha woga. Wote wawili waliona kifungo. Mtu aliyezoea kwenda kumsalimu baba yake pangoni huenda angeliita jambo hilo kwa jina jingine. Hata hivyo vitabu hivyo ni hazina, kwani waandishi wake walisikia kwa masikio yao, na mengi ya waliyoyaandika yangepotea. Dini mpya zilipoenea, Waislamu na Wakristo wa Upare waliacha kufukua. Wafu wakaachwa walale walipozikwa, na mapango yakabaki na wale wa zamani tu.

Kwa ndugu walio ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Wataita nchini Kenya, desturi ilikuwa ya namna hiyo hiyo: mtu alizikwa, baadaye fuvu likatolewa likapelekwa katika pango la ukoo. Huko ndiko yaliko masimulizi ya wazi zaidi ya kilichofuata. Mafuvu ya Wataita yaliondolewa mapangoni katika zama za Waingereza yakapelekwa Cambridge. Mwaka 1931 vipimo vyake vilichapishwa katika jarida la Biometrika. Baadaye mtaalamu wa Kimarekani, W. W. Howells, aliyapima mafuvu 83 miongoni mwa hayo, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake, akayatia katika hesabu yake mashuhuri ya vichwa vya walimwengu iliyotoka mwaka 1973. Tangu hapo kila mwanafunzi wa mifupa duniani amekutana na jina Teita katika majedwali. Watu ambao watoto wao waliwatoa ardhini ili wapate kuitwa kwa majina yao, sasa wanaitwa kwa namba, na kundi lao zima lina jina moja lililoandikwa kwa makosa ya tahajia.

Hakuna aliyewakata vichwa watu hao. Upanga haukuhitajika. Pango la mizimu, kwa mgeni mwenye mizani na rula, lilikuwa ghala lisilo na mlinzi ila heshima, na heshima humlinda mtu dhidi ya jirani yake tu.

Ama upanga nao ulifanya kazi yake mahali pengine. Pwani ililijua jambo la kichwa kilichokatwa kwa njia ya tenzi muda mrefu kabla ya Wajerumani. Hakuna msiba wa namna hiyo uliolia katika lugha hii kama ule wa Karbala, mwaka 61 wa Hijra, yaani 680, ambapo Seyyidna Huseni bin Ali aliuawa na kichwa chake kikasafirishwa hadi Damaski. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliutungia utenzi. Na ni Hemedi huyo huyo aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi, habari ya watu wa Mrima walivyopigana na Wajerumani na jinsi walivyotamalakiwa. Malenga mmoja alibeba katika kifua chake misiba miwili, wa kale wa Iraki na wa zama zake wa Mrima. Wasikilizaji wake hawakuhitaji kuambiwa kwamba dola inayokipeleka kichwa cha mtu mji wa mbali inataka nini. Inataka waliobaki waone.

Lakini dola ya Wajerumani ilikuwa na sheria zake, na hapo pana kinyume cha kustaajabisha. Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871, katika ibara yake ya 13, iliamuru kwamba adhabu ya kifo itekelezwe kwa kukata kichwa. Hiyo ilikuwa ni sheria ya kwao. Mjerumani aliyehukumiwa kufa Berlin alikatwa kichwa kwa hukumu; Mwafrika aliyehukumiwa kufa katika koloni alinyongwa. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenziwe 18, hatua chache kutoka katika himaya yake mwenyewe. Kwa hiyo, kwa maandishi ya sheria, hakuna Mwafrika aliyehukumiwa kukatwa kichwa. Kilichotendwa baada ya kitanzi hakikuwa hukumu, wala hakikuwa na hakimu wala karani.

Lugha ya Kijerumani yenyewe ilikuwa imekwisha kulitayarisha jambo. Neno lao la kukata kichwa limejengwa juu ya neno la kale la heshima lenye maana ya kichwa, na kutoka shina hilo hilo wakapata jina la cheo cha kapteni, mtu wa kichwa, na jina walilowaita machifu wa Kiafrika, ambalo likifumuliwa linakaribia kusema kijikichwa. Mtu aliyeitwa hivyo katika barua za ofisi angeweza kuondolewa kichwa na karani asione kwamba ameandika neno moja mara mbili.

Mkwawa wa Uhehe hakusubiri kitanzi. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezungukwa, alijipiga risasi. Waliomkuta walimkuta maiti, wakamkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulikitaja katika ibara ya 246: Ujerumani ilipewa miezi sita kulikabidhi kwa serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Ibara hiyo hiyo, katika sentensi iliyotangulia, ilidai msahafu wa Khalifa Othman urejeshwe kwa mfalme wa Hijazi. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alikwenda Bremen mwaka 1953, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja kwa vipimo, na mwaka 1954 likarudishwa Uhehe, linakokaa katika nyumba ya makumbusho ya Kalenga.

Mkataba ulisema fuvu. Wahehe walikuwa wamenyang'anywa kichwa. Kati ya maneno hayo mawili ndimo ilimopita miaka yote hiyo: kilichoondoka kilikuwa na uso, na kilichorudi kilihitaji kupimwa ili kijulikane ni cha nani.

Sarufi ya Kiswahili ina njia yake ya kutopotewa na jambo hili, na njia hiyo ni ndogo kiasi cha silabi moja. Mswahili hasemi kwa kawaida kwamba walikikata kichwa cha Mkwawa. Husema walimkata kichwa. Kinachokatwa ni shingo, kinachoondoka ni kichwa, lakini katika kitenzi imekaa ile m ya mtu. Aliyetendwa ni yeye, hata akiwa maiti. Tendo la ukatili linapita katika kiungo likamfikia mwenyewe. Na ajabu iliyoje, tendo la heshima la Upareni nalo hufuata njia hiyo hiyo: wana hawafukui mifupa, humfukua baba yao. Walimtoa, wakampeleka, wakamweka. Mkataji na mfukuaji, mmoja kwa uadui na mwingine kwa mapenzi, wote wanakubaliana katika silabi moja kwamba hapa pana mtu.

Wa tatu ndiye asiyekubali. Mkusanyaji hakumkusanya mtu. Aliyakusanya mafuvu. Katika kitenzi chake imeingia ya ya vitu, ngeli ya mawe na majani. Na mara nyingi hata yeye mwenyewe hutoweka katika sentensi: mafuvu yalipatikana, yaliwasili, yalihifadhiwa. Kupatikana ni kitenzi kisicho na mtendaji. Anayesoma daftari la makumbusho lililotafsiriwa kwa Kiswahili hupata dunia ambamo vichwa husafiri vyenyewe.

Ukubwa wa kazi hiyo sasa unajulikana kwa sehemu. Mjini Berlin, katika mkusanyo mkubwa uliohusika na daktari Felix von Luschan, watafiti wa taasisi inayosimamia makumbusho ya mji huo walichunguza mafuvu 1,135 kutoka Afrika ya Mashariki, na mwaka 2023 wakatangaza waliyoyaona: 904 yanatoka nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Mengi yalichukuliwa makaburini na mapangoni. Mwezi wa Septemba mwaka huo ilitangazwa kwamba uchunguzi wa vinasaba umeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa zilizo hai Kilimanjaro, mojawapo likiwa la akida, mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa, na wazao wake waliotoa damu na mate wapimwe walirudi na jibu la kuwa bado. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mbele ya wazao wa mashujaa wa Maji Maji, ambako kichwa cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwezi wa Februari 1906, kinatafutwa nacho. Akaomba msamaha.

Msamaha huo ni wa maana, lakini una hatari ya kuyafunga yote katika furushi moja. Katika mikutano na magazeti imekuwa kawaida kusema kwamba vichwa vya babu zetu vilikatwa vikapelekwa Ulaya. Kwa Mkwawa ni kweli. Kwa Meli ndivyo Wamoshi wanavyosimulia. Kwa watu waliolala mapangoni si kweli, na uongo wenye nia njema nao ni dhuluma. Mzee wa mlimani aliyekufa kwa uzee, akafukuliwa na wanawe, akakaa miaka mingi na ndugu zake, hakukatwa kichwa. Aliibwa. Akisemwa kuwa alikatwa, anapokonywa mara ya pili: ile kazi ya mapenzi iliyofanywa juu yake inafutwa, na mahali pake panapakwa damu. Kwa upande mwingine, aliyekatwa kichwa akiandikwa kuwa fuvu lililopatikana, damu inapanguswa. Haki inataka maneno yote matatu yabaki, kila moja mahali pake: huyu alikatwa, huyu alifukuliwa, huyu aliibwa.

Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Kichwa kilichokatwa kinapotambuliwa, mahali pake pa kurudi pako wazi: ni kaburi ambalo halikuwahi kukamilika. Fuvu lililoibwa pangoni halina kaburi la kulirudia, kwani kaburi lake lilikwisha kumaliza kazi. Lina pango, na pango ni la ukoo, si la mtu mmoja, wala si la serikali. Nalo pango huenda leo liko katika shamba la Muislamu au Mkristo ambaye babu yake aliacha kutambika, na ambaye hajui amwite mgeni wake kwa jina gani. Ataliswalia? Atalizika? Ataliweka chunguni? Hakuna waraka utakaomjibu. Hapo ndipo jamaa wa Upare, wa Utaita na wa Uchagani watakapohitaji wazee wao na maneno yao kuliko watakavyohitaji maabara.

Kiswahili, lugha ya wote hao wanapokutana, kinaweza kuwasaidia kwa kitu kimoja. Karatasi za ofisi zitasema kwamba mafuvu yatarejeshwa, na katika karatasi hakuna neno jingine la kuandika. Lakini siku sanduku litakapofunguliwa mlimani, watoto wakiuliza kunafanywa nini, kuna majibu mawili, na yamepishana kwa silabi moja tu. Mtu anaweza kuwaambia: tunalirejesha. Au anaweza kuwaambia: tunamrejesha.